Kichwa cha Gunia

Nina shazia mbili, sindano kubwa za kushonea magunia. Moja imepinda nchani, nayo ndiyo niipendayo. Ya pili imenyooka, na hiyo huwaazima watu wasioniudhi. Siku hizi zote mbili zimepumzika. Hapa Masuguru, Korogwe, kwenye kibaraza changu kinachotazama barabara, nafunga mifuko ya nafaka kwa mashine ndogo ya kushika mkononi iliyotoka China, na mifuko kumi huwa tayari kabla chai yangu haijapoa. Wapo wanaonionea huruma wakidhani mashine imenipokonya ufundi. Sijui huruma hiyo wameitoa wapi. Vidole vyangu vimechomwa na shazia vya kutosha, na mgongo wangu unaishukuru mashine kila jioni.

Ufundi wenyewe niliupata kambini. Babu alikuja Korogwe kutoka Kusini kukata mkonge, mmoja wa wale walioitwa manamba, akapazoea, asirudi kwao. Baba alizaliwa kambini, na mimi pia. Mama alikuwa akishona na kuziba magunia kwenye ghala la shamba, na mimi nilijifunza kwa kumkalia karibu. Kisha zikaja kamba za nailoni kutoka nje, nyepesi, za bluu, zisizooza, na wateja wa ng'ambo waliokuwa wakiitaka katani yetu wakapungua mwaka hadi mwaka. Shamba likapunguza watu, mwishowe likafunga kabisa upande wetu. Baba aliichukia kamba ya bluu mpaka anaingia kaburini, ingawa mbuzi wetu tulimfunga kwa kamba hiyohiyo.

Nasema haya ili ieleweke kwamba nilikulia mahali ambapo kipimo kilikuwa kipimo. Posho ya kambini ilipimwa kwa kopo, na mpimaji alikuwa na kijiti cha kukata juu. Unga ukivuka ukingo, kijiti kinapita, unarudi ndani ya pipa. Tulikiona kijiti kile kila wiki na hakuna aliyekilalamikia. Sote tulikatwa sawasawa.

Basi nikaolewa Kwedizinga, kwa Wazigua, kwenye kijiji cha wakulima wa mahindi. Siku ya pili baada ya harusi mama mkwe aliniita nichukue unga wa kupika. Akashika bakuli, akachota, akamimina. Bakuli likajaa. Akaendelea kumimina. Unga ukapanda juu, ukafanya kilima, kilima kikaporomoka mkekani, naye bado anamimina. Mimi, mtoto wa kijiti, nikainama kuukusanya ule ulioanguka niurudishe. Akanishika mkono. Akaniambia kwa upole kwamba kwenye nyumba yake kilichovuka ukingo hakirudi, hicho ni cha kuku na cha Mungu, na kwamba bakuli la kukata usawa hupewa mtu mliyegombana naye.

Nilidhani ni maneno ya kumkaribisha bibi harusi. Haukupita mwezi nikaona kwa macho yangu. Kulikuwa na jirani aliyemsema mama mkwe vibaya msibani, maneno yakamfikia. Jirani yule alipokuja kuomba chumvi, mama mkwe alimpokea vizuri, wakasalimiana, akamuuliza habari za watoto, kisha akamletea kikombe cha chumvi alichokipitishia kiganja juu mpaka kikawa sawasawa kabisa. Yule mama alikitazama kikombe, akakibeba kwa mikono miwili, akaenda. Asubuhi iliyofuata alirudi na kuku kuomba msamaha. Alipoondoka alipewa chumvi ya kumwagika, na mambo yakaisha hapohapo.

Miaka ile biashara ya mahindi ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa. Wazee walikumbuka chama cha ushirika, kilichokuwa mnunuzi pekee: unapeleka mahindi yako, unapewa karatasi, unakaa na karatasi. Sasa ikaja ruhusa kwamba yeyote mwenye lori anunue popote. Sitaki kuwa mtu wa kulalamika tu, maana nilikuwepo na nilifurahi. Mnunuzi alikuja mpaka uani. Alilipa mkononi. Jioni ya siku hiyohiyo mtu ana sabuni, ana betri, ana shati la mtumba lililokaa vizuri mabegani kuliko lolote alilowahi kushonewa. Mabati yalianza kung'aa huku na huku. Baiskeli tuliyoinunua msimu wa pili bado ipo, ingawa sasa hupandwa na kuku.

Tatizo ni kwamba yule mnunuzi hakuja na mizani. Alikuja na magunia matupu, akasema ananunua kwa gunia. Na gunia ni kitu kinachotanuka.

Mnunuzi aliyezoea kijiji chetu alikuwa mtu mcheshi, mwenye kukumbuka majina ya watoto na kusalimia wazee kwa unyenyekevu. Nadhani siku yake ya kwanza tu aliona jinsi watu wa pale wanavyopima, na akaelewa kwamba hana haja ya kumwibia mtu. Alichohitaji ni kusifia. Alipita uani kwa mmoja akasema gunia la nyumba hii ni la kiungwana. Akapita kwa mwingine akanyamaza, akalitazama gunia lililojazwa mpaka ukingoni tu, akatikisa kichwa kidogo kwa huzuni. Ilitosha. Mwaka uliofuata watu walishindana. Gunia likijaa debe sita, wakashindilia, wakaongeza. Likifika mdomoni, wakalipachikia kipande cha gunia jingine juu, wakajaza na hicho, kikashonwa kikasimama. Mijini huitwa lumbesa. Pale Kwedizinga tuliita kichwa, na mtu aliyeuza gunia lisilo na kichwa alionekana mchoyo, kama aliyemkatia mgeni wali.

Na kichwa kinataka mshonaji. Mshonaji akiwa hodari, kichwa kinameza debe moja na nusu na hakipasuki njiani. Hodari huyo nilikuwa mimi.

Yule mnunuzi alinigundua haraka. Wakati huo mimi na mume wangu tulikuwa tumehamia Masuguru, yeye akifanya vibarua vya ujenzi, na msimu ulipofika nilikaa juu ya magunia matupu nyuma ya lori, tukaenda Kwedizinga, na mara nyingine mpaka mashamba ya Kerenge. Alinilipa kwa kila kichwa. Nilijivuna, nisidanganye. Nilikuwa nafunga kwa katani iliyolowekwa, mishono ya msalaba, nikivuta kwa goti, na gunia likikamilika unaweza kulidondosha kutoka juu ya lori na punje isitoke. Wapagazi walinitania kwamba nikifa nizikwe na shazia. Watoto wangu wanne walivaa sare na kushika madaftari kwa vichwa vile.

Magunia ya mama mkwe nilikuwa nayashona ya mwisho. Nilijitahidi nisifikiri. Lakini mtoto wa kambini anajua kopo limejaa wapi, hata ukimficha macho. Msimu mmoja dhamiri ilinichoma, nikashona kichwa chake kidogo, cha nusu debe. Alikuja akasimama nyuma yangu, ameshika kiuno.

"Unanitia aibu, mwanangu," akasema. "Mimi nauza mahindi au nauza pumzi? Ongeza."

Nikaongeza. Hapo ndipo lilipo kosa langu, na nimeligeuza kila upande nikitafuta pa kulisogeza likae kwa mtu mwingine. Ningeweza kumweleza. Nilikuwa na maneno, nilikuwa na nafasi, na yeye alikuwa ananisikiliza katika mambo mengine yote. Badala yake nilijiambia kwamba ametaka mwenyewe. Nikavuta uzi kwa goti, nikapokea cha kwangu, na nikafanya hivyo msimu baada ya msimu.

Mizani ililetwa na biashara hiyohiyo. Walianza kuja wanunuzi wengine, wa Dar na wa kutoka mpakani, watu waliokuwa wanaulizana bei ya kilo kwenye simu na wasiotaka kusikia habari ya gunia. Maofisa nao wakaanza kusimamisha malori yenye lumbesa barabarani. Wakulima wa Kwedizinga wakaunda kikundi, wakanunua mizani ya chuma ya kuweka chini, wakaitisha siku moja ya kuuza kwa pamoja penye uwanja wa ghala. Katibu wao alikuwa binti wa palepale, aliyesoma mpaka chuo cha kilimo akarudi kulima. Mimi niliposikia habari nilifurahi, kisha furaha ikaisha. Nilijua mama mkwe atapeleka magunia yake yakiwa na vichwa, na nilijua chuma kile kitasema niliyoyanyamazia.

Niliwahi alfajiri kwenda kumzuia. Nilimkuta amekwisha kuswali, yuko uani na magunia yake manane wazi, ananisubiri na katani ameshailoweka. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamwambia, mama, safari hii tufunge usawa, kuna mizani. Akacheka. Akasema ndiyo sababu anataka vichwa vikubwa kuliko vya miaka yote, kwa kuwa leo kijiji kizima kitaona kwa namba nani mwenye mkono mpana. Nilifungua mdomo nimwambie mengine. Nikauona uso wake ulivyochangamka, nikachukua katani. Nikashona vichwa vinane, vizuri kuliko vyote nilivyowahi kushona.

Gunia lake ndilo lililopandishwa la kwanza. Alikuwa ameliombea nafasi hiyo. Vijana wanne walilibeba. Katibu akasoma, akasema kilo mia na ishirini na tano. Watu wakapiga makofi, mama mkwe akatengeneza mtandio wake. Binti yule hakupiga makofi. Akamwendea, akachuchumaa mbele ya kiti chake, akamweleza taratibu kwamba gunia ni kilo mia, bibi, na hicho kichwa ni mahindi mengine kabisa, hayaruhusiwi kupanda gari hivyo, inabidi yashushwe yapimwe peke yake nayo yalipiwe. Mama mkwe akauliza kama miaka iliyopita yalilipiwa. Binti akatazama chini. Akasema miaka iliyopita walilipwa gunia.

Vichwa viling'olewa. Niling'oa mimi, kwa shazia ileile iliyopinda, mshono mmoja mmoja, kijiji kikinitazama. Mahindi yaliyotoka tuliyamimina kwenye magunia mapya. Kichwa cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, likajaa gunia zima. Vinne vilivyobaki vikajaza la pili. Magunia manane yakasimama kwenye mstari, na pembeni yakasimama mawili ambayo asubuhi hayakuwepo.

Wengi walikuwa wanahesabu ya kwao kichwani. Mama mkwe aliinuka, akayaendea yale mawili, akaweka kiganja juu ya moja.

"Haya mawili, mwaka jana yalikuwa wapi?"

Hakuwa anamuuliza mtu mwingine.

"Yalikuwa kichwani, mama."

"Na mwaka juzi?"

"Kichwani."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Sikulia. Nilitamani anipige. Mbele yangu aliona miaka yote, na mimi niliiona pia: bati lililokuwa likivuja upande wa jikoni, mbuzi wake aliyeuzwa kwa ajili ya hospitali, miguu yake aliyokuwa akiikanda kwa mafuta ya nazi kwa sababu dawa ya dukani aliiona ghali. Aligeuka. Akamwambia katibu auze yote, ila kwenye gunia la mwisho watoe debe moja, hilo haliuzwi. Kisha akanielekezea kidole.

"Debe hilo ulikoboe wewe. Tupike makande, watu wote waliopo wale."

Nilikoboa. Kwenye kinu cha jirani yule wa chumvi, jua likipanda, mchi unapanda na kushuka, na hakuna aliyekuja kunisaidia ingawa si desturi yao kumwacha mwanamke atwange debe zima peke yake. Maharage yalitoka nyumba tatu tofauti, nazi zikakunwa. Sufuria zilikaa motoni mpaka alasiri. Upande wa pili wa uwanja kazi iliendelea, vichwa vya wengine vinang'olewa, na kila mara nilisikia watu wakiguna, halafu kicheko, halafu wakiguna tena. Kusema kweli ilikuwa siku ya furaha kwao. Magunia yalizaa magunia. Mzee mmoja aliyekuja na matano akaondoka ameuza sita na kitu, akawa anazunguka akimshika kila mtu mkono. Ni mimi tu ambaye sikucheka, maana nilijua chakula kikiiva kutakuwa na bakuli, na mpakuaji atakuwa mama mkwe.

Alipakua mwenyewe, hakutaka msaidizi. Wazee kwanza, kisha wapagazi, madereva, wanunuzi wa mpakani, watoto. Kila bakuli lilimwagika. Dereva mmoja wa mbali alijaribu kuyarudisha makande yaliyoanguka kwenye upawa, akaambiwa awaachie kuku. Mimi nilijibanza karibu na kinu. Nilifikiri kuondoka, nikatafute gari la kurudi Korogwe. Nilibaki kwa sababu moja: ningeondoka, ningekuwa nimekimbia kipimo changu, na hilo hata kambini halikufanywa.

Akaniita kwa kidole. Akachukua bakuli, akachota, akamimina. Likajaa. Akaacha kumimina. Akageuza upawa, akaupitisha juu ya bakuli kutoka ukingo huu hadi ule, taratibu, punje na maharage yaliyozidi yakarudi sufuriani. Akanikabidhi likiwa sawasawa kabisa.

Wanawake waliokuwa karibu wakaacha kutafuna. Nililipokea kwa mikono miwili, kama yule jirani alivyopokea chumvi yake. Nilikuwa nimeishi na watu wale miaka mingi kuliko niliyoishi kambini, na siku hiyo ndiyo nilielewa kikombe kile kilivyomuuma. Makande yalikuwa matamu. Nilikula nikiwa nimesimama, machozi yakiingia bakulini, na hakuna aliyenikataza kulia.

Yeye alikaa kwenye kigoda chake, upawa magotini, akinitazama mpaka nikakwangua chini.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Hilo lilikuwa la vichwa. Lete bakuli."

Nikalipeleka. Akachota, likajaa, akachota tena. Makande yakapanda kilima, kilima kikaporomoka, yakaniangukia vidoleni ya moto na nazi ikatiririka mpaka kwenye kiwiko, na bado alikuwa anamimina. Kuku walikuwa miguuni petu. Nilikuwa nimeshiba bakuli la kwanza, lakini nilikaa chini kando yake nikalila la pili lote.